Mstari wa Vichuguu

Mama aliponiambia kwamba likizo ile nitakwenda Goweko kumsaidia mama mkubwa kuhama, nilimuuliza swali moja tu: huko kutakuwa na watu wengi? Mama akacheka, maana alijua ninauliza nini. Mimi nikitumwa chumvi nikakuta watu watatu wamesimama mbele ya duka, nitazunguka mtaa wetu wa Chemchem mzima mpaka waondoke. Darasani naweza kulijua jibu nikaliacha lipite, akalijibu mwingine, tena vibaya, nami nikaishia kuliandika kwenye daftari langu jioni. Ndiyo sababu nina daftari. Haya ninayoyasimulia nimeyatoa humo, isipokuwa mahali pamoja nilipoandika uongo bila kujua, na hapo nitasema.

Mama mkubwa ni dada yake mama. Ni mjane, Mmoraviani, mwimbaji wa kwaya ambaye hahitaji kwaya, sauti yake inatosha. Mama aliolewa mjini na baba, fundi bati, akasilimu; dada yake akabaki na shamba. Hawajawahi kugombana kwa sababu ya dini. Wanagombana juu ya kiasi cha karanga kwenye mboga.

Mwaka ule watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Nyumba zilizotawanyika porini, moja hapa, nyingine kule unakoona moshi tu, zilitakiwa zikae pamoja kando ya barabara ili shule iwe karibu, zahanati iwe karibu, na bomba la maji likija likute watu. Shuleni mwalimu wa siasa alituuliza faida zake, wenzangu wakazitaja moja baada ya nyingine. Mimi sikutaja hata moja, lakini zote nilizijua, na niliziamini. Bado naziamini.

Nilishuka stesheni ya Goweko asubuhi, na mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya tofali, miguu imenyooshwa, ananingoja.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Hivi huko mjini mnakula chaki?" Akanishika mkono, akaupima kwa vidole viwili. "Huu ni mkono au fito? Haya, beba mzigo wako twende, jua halitungoji."

Tulitembea mpaka mchana. Pori lilikuwa kavu, vumbi linaingia puani, lakini miyombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, mekundu kama kutu. Nilishangaa. Miezi mitano haijanyesha hata tone, mti unatoa wapi majani? Nilipomuuliza mama mkubwa alisema, "Wewe ndiye unayesoma." Nikaandika swali hilo daftarini.

Nyumbani kwake alikuwa amekwisha kuezua nusu ya paa. Milango imeng'olewa, imelazwa chini. Kilichobaki kizima ni vihenge vitatu nyuma ya nyumba, vile vikapu vikubwa vya kuhifadhia nafaka, vilivyokandikwa udongo na kuvikwa kofia za nyasi, vimesimama juu ya mawe. Viwili vina mtama, kimoja mahindi. Mama mkubwa alikipiga kimoja kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Nyumba siiogopi," akasema. "Nyumba ni miti na udongo, nitajenga. Hivi ndivyo ninavyoviogopa. Mwaka mmoja maji yaliingia chini ya kihenge cha mama yetu, mtama ukaota humo humo ndani. Ukifungua, harufu kama pombe. Tulikula mizizi mpaka mavuno. Mama yako alikuwa mdogo, hakumbuki. Mimi nakumbuka."

Basi jambo lilikuwa hilo: vihenge vitatu vihame, vifike mahali pakavu kabla ya mvua. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale, na kesho yake tulikwenda kwenye mkutano wa kuonyeshwa viwanja.

Huku kwetu tukisema mbuga hatuna maana ya mahali pa simba na twiga. Mbuga ni bonde pana lisilo na miti, nyasi tupu, udongo mweusi. Kiangazi udongo huo unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unazama. Masika unageuka uji. Mpimaji aliyetumwa kutoka mjini alifika kiangazi, akaona uwanda umenyooka kama meza, hakuna kisiki cha kung'oa, barabara inapita kando. Akafurahi. Siku ya mkutano, alipokuja mbele yetu, vigingi vyake vilivyopakwa chokaa vilikuwa vimekwisha kupigwa katika mstari mmoja ulionyooka mno, kutoka kwenye miti ya upande huu, kupita katikati ya mbuga, hadi upande wa pili. Ukisimama kwenye kigingi cha kwanza ukafumba jicho moja, kigingi cha pili kinavificha vyote vilivyobaki.

Alikuwa kijana, shati la mikono mifupi, kamba ndefu ya kupimia imezungushwa begani. Akaeleza vizuri. Alieleza shule itakapokaa na zahanati itakapokaa. Akasoma namba za viwanja na majina. Cha mama mkubwa kilikuwa katikati kabisa, penye nyufa kubwa kuliko zote. Mwishoni akauliza, "Ndugu wananchi, tumekubaliana?"

Wanawake waliokuwa wamepiga magoti mbele wakapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa, pwa, pwa, pwa. Wazee nyuma nao wakapiga. Mpimaji akatabasamu, akaandika kwenye karatasi yake. Mwenyekiti wa kijiji akatazama viatu vyake.

Na mimi jioni ile nikaandika: *Wanakijiji wamekubali mpango kwa furaha na makofi.* Huo ndio uongo nilioutaja.

Mama mkubwa alikuwa anasoma kisomo cha watu wazima, ameshafika kwenye kusoma sentensi, na alikuwa na tabia ya kufuatisha maandishi yoyote anayoyaona, hata ya kwenye mfuko wa mbolea. Alichukua daftari langu bila kuniomba, akaweka kidole.

"Wa-na-ki-ji-ji. Wanakijiji. Wa-me-ku-ba-li." Akainua uso. "Nani kakubali?"

"Nyinyi. Mmepiga makofi."

"Ala! Sasa mgeni amekuja, amesema mpaka koo limekauka, tusimpigie makofi? Yale ni ya kumsalimia. Ni ya asante kwa safari. Hukuona tumepiga magoti? Hivi mtoto wa mdogo wangu, mama yako hakukufundisha kusalimia?"

Kwa kweli hakunifundisha. Mjini tunasema shikamoo, basi. Nikamwambia kwamba mpimaji naye alidhani wamekubali, nimemwona akiandika.

"Ameandika?"

"Ameandika."

"Basi hakujua," akasema polepole. "Mimi nilidhani amesikia salamu, atauliza tena kesho, ndipo tumwambie. Ndivyo inavyokwenda. Siku ya kwanza unampokea mtu, siku ya pili ndiyo mnasema." Akanirudishia daftari. "Futa hiyo."

Sikufuta. Nilichora mstari juu yake, ili nikumbuke jinsi mtu anavyoweza kukaa hatua kumi kutoka kwenye jambo, akaliona kwa macho yake, na kuliandika kinyume.

Nikamuuliza amejuaje maji yatafika katikati ya mbuga. Ameyaona? Akasema ameyaona miaka mingine, na miaka mingine hayakuja, lakini hahitaji kuyaona. "Kesho katembee kule. Tafuta vichuguu."

Nilikwenda peke yangu, na hicho ndicho kitu kilichonifurahisha kuliko vyote katika likizo ile, kutembea siku nzima bila kusemeshwa. Vichuguu viko kila mahali huku, vingine virefu kuliko nyumba, vimeota miti kichwani. Hata sikuwahi kuvitazama, kama mtu asivyotazama ukuta wa nyumba yao. Sasa nikavitazama. Porini vilikuwa vingi. Nikishuka kuelekea mbugani, vikaendelea, vikaendelea, halafu pap, vikakoma. Kule chini hakuna hata kimoja. Nikatembea nikifuata vya mwisho, kile kilicho chini kuliko vyote kila upande, nikaona vinafanya mstari. Haukunyooka. Ulipinda kama ukingo wa sahani iliyobonyea, ukaingia ndani mahali fulani, ukatoka tena.

Mwalimu wa jiografia alikuwa ametupa kazi ya likizo: chora ramani ya mahali unapopajua. Nilikuwa nimepanga kuchora mtaa wetu. Nikachora mbuga. Nilihesabu hatua, nikaweka kila kichuguu nukta, nikaunganisha nukta. Kisha nikachora vigingi vya mpimaji kwa msalaba. Misalaba kumi na mitatu ilikuwa ndani ya mstari wa vichuguu, chini, na mmoja wa hiyo ni wa mama mkubwa.

Nilipomwonyesha alisema, "Mchwa anajenga nyumba ya miaka mia. Wewe unadhani hatazami maji yanapokaa?"

"Sasa si tumwambie mpimaji?"

"Nani amwambie? Mwenyekiti anaogopa, karatasi imekwisha andikwa. Mimi ni mjane wa watu, nikisimama wataniuliza nimetumwa na nani. Kamwambie wewe."

Nadhani alikuwa anatania, lakini nililifunga daftari haraka.

Siku mbili baadaye mwenyekiti alikuja kuniazima, kama watu wanavyoazima kinu. Mpimaji alitaka orodha ya wakuu wa kaya, na mwandiko wangu ulisifiwa. Nikakaa naye mezani ofisini asubuhi nzima. Ramani yangu ilikuwa ndani ya daftari, daftari liko mapajani. Kila nilipotaka kusema, nilikohoa. Alidhani nina mafua, akanipa nusu ya chungwa lake.

Alikuwa mtu mwema, hilo lilizidisha ugumu. Alizungumza yeye peke yake, kwa ajili yetu wawili. Alisema ugali wa mtama unamshinda, kwao wali unaungwa nazi, na tangu aletwe Tabora hajaonja nazi. Nikapata ujasiri wa kuuliza maneno mawili: "Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

Nilirudi nyumbani najidharau, ramani bado haijafunguliwa. Mama mkubwa alikuwa anakoroga mlenda. Nikamsimulia kila kitu, chungwa, wali, Kisarawe.

Mwiko ukasimama. "Kisarawe? Mzaramo?"

"Sijui. Shuleni tunakatazwa kuulizana makabila."

"Msiulizane huko shuleni. Hapa mimi nauliza." Uso wake ulianza kuchanua, sijawahi kuuona hivyo. "Mzaramo! Siku zote hizi namsalimia kwa magoti kama mkwe, kumbe ni mtani wangu! Mungu anisamehe."

Neno utani nililijua, ila nilidhani ni watu kutukanana misibani. Akanieleza akila. Babu yake alikuwa mpagazi. Njia ile ya misafara, ambayo sehemu yake bado inaonekana karibu na mbuga kama mfereji mpana ulioota nyasi, aliipita hadi pwani akiwa na mzigo begani, na zaidi ya mara moja. Miezi mingi kwa miguu. Kule mwisho wa njia walikuwa wanafika wamechoka, wagonjwa, na wengine walifia huko huko. Waliowapa maji na waliowazika ndio hao watu wa kina mpimaji. Tangu hapo mtu wa huku na mtu wa kule wanaweza kuambiana lolote, wakanyang'anyana chochote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Chochote?" nikauliza.

"Chochote. Hata bwana mkubwa. Akikasirika ni aibu yake."

Asubuhi iliyofuata mpimaji alikuwa mbugani na mwenyekiti na watu kama kumi, wanapima njia ya katikati. Kamba ilikuwa imetandazwa chini. Mama mkubwa akaenda moja kwa moja, akaketi juu ya kamba. Akakunja miguu, akatoa karanga, akaanza kumenya.

"Mama, samahani," mpimaji akasema, "umekalia kamba."

"Najua. Ni kamba yangu."

"Ni mali ya serikali, mama."

"Ilikuwa. Mtu wa Kisarawe akija kwetu na kitu kizuri, kitu hicho ni cha nani? Hujui? Hukulelewa? Kwenu hakuna wazee?"

Mwenyekiti alianza kumbembeleza kama mama yake, "Mayu, mayu, tafadhali," lakini nilimwona mpimaji amebadilika uso. Kwanza akakunja uso. Kisha akamtazama mama mkubwa vizuri, akavua kofia, na mdomo ukamcheza.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Kumbe ni nyinyi Wanyamwezi. Babu yangu aliniambia mkifika pwani mnaonja bahari, halafu mnauliza nani kamwaga chumvi."

Watu wakaangua kicheko. Mama mkubwa hakucheka. "Na babu yangu aliniambia nyinyi mnacheza ngoma mpaka mchele unaungulia jikoni. Ndiyo sababu mnaweka nazi, mfiche harufu."

"Bora harufu. Nyinyi mlibeba pembe za ndovu miezi mitatu, mlipofika mkauliza, hivi pembe zenyewe zinaliwaje?"

"Tulibeba, ndiyo, mabega yetu yanajua. Wewe umebeba kamba tu na umeshachoka. Tena hujui kupima. Unataka kutuzika kwenye tope. Kweli sisi mlituzika zamani, tunashukuru, lakini mlingoja tufe kwanza!"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa, halafu kikakatika, maana kila mtu alisikia kilichosemwa. Mpimaji naye alikisikia. Akachuchumaa mbele yake.

"Tope gani, mtani?"

"Hapa unapochuchumaa. Maji yanafika kiunoni. Si kila mwaka. Lakini mwaka yanapofika hayaulizi namba ya kiwanja."

"Mbona niliuliza mkapiga makofi?"

"Tulikusalimia, mwana mpotevu wewe. Ungejua, ungeitikia."

Mpimaji akamgeukia mwenyekiti, naye akaitikia kwa kichwa. Hapo mama mkubwa akaniita. Sikufikiri angefanya hivyo. Aliniita kwa ile sauti ya kwaya, "Wewe mtoto, lete ile picha yako," na watu wote kumi na wawili wakageuka.

Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka daftari lilikuwa na alama za jasho la vidole. Mpimaji alilishika kwa heshima, akaligeuza ili juu pawe kaskazini, nami nikaona aibu kwamba sikuweka mshale wa kaskazini. Akauliza hatua zangu ni za urefu gani. Nikajibu, lakini kwa sauti ambayo ilibidi mama mkubwa airudie. Kisha akaweka kidole katikati ya mbuga.

"Na hiki? Umeweka nukta hapa, peke yake, katikati. Ni kichuguu?"

Ilikuwa kweli. Palikuwa na kilima kidogo mbali na vyote, nilikiweka nukta kama vingine, halafu sikukiunganisha kwa sababu kiliharibu mstari wangu. Nilikiacha tu. "Sijui," nikasema. "Kinafanana na kichuguu."

Tulikwenda kukitazama, wote. Mpimaji akakichokoa kwa kigingi. Yakatoka majivu, vigae vya vyungu, ushanga mmoja wa buluu, mifupa ya kuku. Hakikuwa kichuguu. Mama mkubwa akasema ni jaa la kambi ya wapagazi, mama yake alimwonyesha.

"Ahaa," akasema mpimaji. "Basi watu walikaa hapa. Mbona wao hawakuzama?"

Nikaogopa kwamba tumeshindwa kwa sababu ya nukta yangu. Lakini mama mkubwa alimwangalia kwa huruma, kama anavyoniangalia mimi. "Mtani, wapagazi walikuwa wakulima. Masika kila mtu alikuwa kwake analima. Safari ni kiangazi tu. Walilala hapa wakati kama huu, maji yako karibu chini ya udongo, unachimba kidogo unakunywa, kesho unaondoka. Kama wewe. Wewe nawe umekuja kiangazi, kesho unaondoka."

Mpimaji akazungusha ule ushanga kwenye vidole. Kisha akasema barabara hawezi kuihamisha, shule hawezi kuihamisha, lakini vigingi kumi na vitatu anaweza kuvipandisha mpaka juu ya mstari wa vichuguu, hata kama kijiji kitapinda pale kama kiuno. Ataeleza mjini kwamba udongo haukufaa. Mama mkubwa akainuka juu ya kamba. Kabla ya kuondoka siku ile mpimaji alipita nyumbani kwetu, akabeba bila kuomba kigoda kizuri kuliko vyote na kuku mmoja, akaenda zake. Mama mkubwa alimtazama akiondoka, akasema, "Amelelewa, kumbe."

Tulijenga kwa siku tisa, majirani wakisaidiana, na vihenge vilibebwa vitupu, watu wanne wanne, nafaka ikifuata kwenye magunia. Nilirudi mjini mikono ina malengelenge. Mwalimu wa jiografia alinipa alama nzuri na kuandika kwa wino mwekundu: *Kaskazini iko wapi?*

Halafu mvua haikunyesha.

Nasema ukweli, nilikuwa naisubiri kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Kila wingu lilipopita juu ya Chemchem nilifikiri, leo mbuga inajaa, leo watajua. Hata nilikuwa natamani gharika, jambo ambalo naona aibu kuliandika. Lakini zilinyesha rasharasha za kulaza vumbi, zikakoma, zikanyesha tena kidogo, zikakoma kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini tu. Mjini tukaanza kupanga foleni ya unga tangu alfajiri, unga wa njano ambao mama alisema hauna adabu, unakataa kushikana. Foleni kwangu ilikuwa adhabu mara mbili.

Likizo ya Juni nikarudi Goweko. Njiani kutoka stesheni nilikutana na mama mmoja ambaye kiwanja chake kilikuwa miongoni mwa vile kumi na vitatu, ana ndoo kichwani. Nikamwamkia. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, kisha akasema bila kusimama, "Wewe si ndiye mchora vichuguu? Njoo unibebee ndoo basi. Tungekaa mbugani tungekuwa na kisima mlangoni."

Kumbe ndivyo walivyokuwa wakimwambia mama mkubwa tangu Januari. Maji yalikuwa yamekauka juu, na mahali pekee palipobaki na maji ni chini kule, karibu na lile jaa, ambako walichimba kina cha mtu mmoja wakayapata. Kila ndoo ilipanda mlima, na kila aliyeipandisha alimkumbuka mama mkubwa. Kulikuwa na maneno kwamba kiangazi hiki watu wateremke wajenge chini.

Nilimkuta anakata viazi vitamu. Mkekani, juu ya mawe, juu ya paa la jiko, kila mahali palipo bapa palikuwa na vipande vyeupe vinaanikwa, michembe, ambayo ikikauka inakaa mwaka. Sikuelewa viazi vimetoka wapi mwaka kama ule. Akanipeleka kuona. Katikati ya mbuga, pale pale kilipokuwa kigingi chake cha kwanza, alikuwa amepiga matuta makubwa, na majani yalikuwa bado mabichi. Mashamba ya juu yote yalikuwa rangi ya karatasi. Nilichomeka mkono kwenye tuta. Juu palikuwa na joto, lakini kifundo cha mkono kilipoingia nikakuta ubaridi na unyevu.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Wakati ule, ulijua kwamba mwaka wa ukame mbuga italimika?"

"Nilijua maji yanakaa hapa. Kama mengi utazama, kama machache utalima. Kuhusu mwaka upi utakuja, hilo silijui, na mpimaji halijui, na mchwa halijui." Akang'oa kiazi, akakifuta kwenye kanga. "Ila pangejaa nyumba hapa, matuta ningepiga wapi? Uani?"

Kihenge kimoja kilikuwa tayari kitupu. Nilikipiga kwa kiganja kikalia kama ngoma. Cha pili kilikuwa kimefika nusu. Nikamuuliza kama anaogopa, akasema anaogopa kila siku, lakini michembe ikijaza kile cha kwanza ataogopa kidogo.

Jumapili baada ya ibada wale wanaotaka kuteremka walikuja, wanane, na yule mama wa ndoo akiwa mbele. Nilijificha nyuma ya mlango na daftari. Mama mkubwa hakubishana nao. Aliwaambia kwamba eneo lake la chini ni kubwa kuliko nguvu zake, atawakatia kila mmoja kipande apande viazi sasa hivi, mbegu atatoa yeye, na kisima wakipanue wajengee ukingo ng'ombe wasiingie. Ila atakayepiga kigingi cha nyumba, yeye atakaa juu yake.

"Utakaa mpaka lini?" mama wa ndoo akauliza.

"Mpaka inyeshe. Ikinyesha utaniona naogelea, utanicheka."

Kulikuwa na kicheko, si kikubwa. Wanne walikubali siku ile. Wawili walisema watafikiri. Wawili waliondoka na hasira, na mmoja wao, nimesikia, amekwisha kata miti ya kujengea na kuilaza pale chini.

Nimerudi mjini na gunia la michembe. Baba amesema ina ladha ya vumbi, na amekula sahani mbili. Bado sijaiona mbuga ikijaa. Huenda mstari wangu una makosa mahali fulani, huenda maji yanapanda zaidi ya vichuguu upande wa magharibi ambako nilihesabu hatua nikiwa nimechoka. Nimemwandikia mama mkubwa anipimie tena kwa hatua zake, kuanzia kwenye kisima. Jibu lake limekuja juzi, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa zinazopanda juu kama zinakimbia kitu. Amesema hana muda wa kutembea ovyo, wameongezeka wawili kwenye matuta, na kama nataka kujua nije mwenyewe mwezi wa kwanza, nije na buti.